Keki ya mfalme ya New Orleans: kujaza na kukunja duara lisipasuke

Huitwa keki, lakini ni mkate: unga wa ngano uliokandwa kwa maziwa, mayai na siagi, ukaumuliwa kwa hamira, ukajazwa mdalasini au jibini, kisha ukakunjwa duara. Kwao ni New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani, na wenyewe huiita king cake. Ina msimu wake. Huanza tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania, wanapokumbukwa Mamajusi waliokwenda kumwona Mtoto Yesu, na hukoma siku ya Mardi Gras, Jumanne ya kuamkia Jumatano ya Majivu. Pasaka huhama, basi Mardi Gras nayo huhama: inaweza kuangukia wakati wowote kati ya tarehe 3 Februari na tarehe 9 Machi. Ndiyo maana kuna miaka ambayo wapenzi wa mkate huu hula mwezi mmoja tu, na mingine wanakula miezi miwili.

Maelekezo mengi hukueleza kwa kirefu namna ya kukanda na kuoka, halafu katikati yanakurukia kwa sentensi moja: jaza, viringisha, unganisha ncha. Hapo hapo ndipo wengi tunapoharibikiwa. Duara langu la kwanza lilipasuka ubavuni, jibini ikamwagika ikaungulia kwenye trei, na tundu la katikati likafumba kabisa. Kwa hiyo mambo ya kukanda nitayapitia haraka, na kwenye kujaza na kukunja nitakaa.

Donge

Kwa duara moja la kulisha watu 12 hivi:

- unga wa ngano wa mkate, gramu 500
- maziwa ya vuguvugu, mililita 200
- mayai 2
- sukari, gramu 75
- siagi laini, gramu 100
- hamira ya chenga, gramu 7
- chumvi, gramu 8
- ganda la limau moja lililokunwa, na kungumanga kidogo

Changanya vyote isipokuwa siagi, ukande dakika 7 au 8 mpaka donge lianze kuvutika. Ndipo uingize siagi, kipande baada ya kipande. Ukiitia mapema, mafuta yanazizunguka chembe za unga na ule mtandao wa gluteni unaoshika hewa unachelewa kujengeka. Siagi ikiingia donge litachafuka na kunata mikononi. Usiongeze unga. Endelea kukanda, litarudi lenyewe na kuwa nyororo.

Funika, liumuke mpaka liwe mara mbili, saa moja na nusu hivi mahali penye joto la kawaida. Mimi nashauri ulilaze kwenye friji usiku kucha baada ya kuumuka nusu. Donge lenye siagi nyingi likiwa baridi linasukumika kama karatasi nene. Likiwa na joto linanata, linarudi nyuma, na utajikuta unalipiga unga kila dakika.

Kijazo: adui ni maji

Kila kitu kinachokwenda ndani ya duara kina swali moja la kujibu: kikipata moto, kitatoa majimaji kiasi gani? Sukari huyeyuka ikawa shira, siagi huwa mafuta, tunda hutoa juisi. Majimaji hayo yanatafuta njia ya kutokea, na yasipoipata yanalowesha tabaka za ndani hadi zinabaki mbichi wakati nje pameiva.

Kijazo cha mdalasini ndicho cha asili na ndicho kirahisi. Changanya siagi laini gramu 80, sukari ya kahawia gramu 120, mdalasini vijiko 4 vya chai, chumvi kidogo sana, na kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano. Huo unga usiuone mdogo: ndio unaoshika shira isikimbilie kwenye trei. Siagi iwe laini, isiwe imeyeyushwa. Ya kuyeyuka inateleza, na ukiviringisha sukari yote inasukumwa hadi ukingoni. Watu wa Louisiana hupenda kuongeza pekani, ile jamii ya njugu inayotumika kwenye pralini, peremende zao za sukari. Ukitaka, zikaange kavu kwanza, uzikate ndogo kabisa. Kipande kikubwa chenye ncha kinatoboa donge kutoka ndani.

Kijazo cha jibini ya krimu kinataka adabu zaidi. Jibini gramu 225, sukari ya unga gramu 50, kiini cha yai kimoja, kijiko kimoja cha chakula cha unga. Kiini na unga hukifanya kigande kikipata moto badala ya kutiririka. Ute wa yai usiutie, karibu wote ni maji. Tumia jibini ya kipande, si ile iliyopigwa hewa ya kupakwa kwenye mkate, na baada ya kuchanganya irudishe kwenye friji nusu saa.

Matunda, iwe tufaha au stroberi, yapikwe kwanza sufuriani pamoja na sukari na wanga wa mahindi mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia ibaki wazi sekunde chache kabla ya kuzibika. Yapoe kabisa kabla ya kuyagusisha na donge. Tunda bichi usiweke. Hata kama ulilikausha kwa kitambaa.

Na kiasi? Kwa donge hili, gramu 250 hadi 300 za kijazo zinatosha, jumla. Anayetaka mdalasini na jibini pamoja atumie nusu ya hiki na nusu ya kile. Ukishindana na maduka yanayouza keki zilizotuna, kumbuka baadhi yao huingiza krimu kwa bomba baada ya kuoka, jambo tofauti kabisa.

Kwa nini duara hupasuka

Kabla ya kushika kifimbo cha kusukumia donge, tupige hesabu kidogo, maana ikishaeleweka hii mengine yanajieleza.

Tuseme umeviringisha bomba la donge lenye urefu wa sentimita 60 na unene wa sentimita 5. Limelala mezani limenyooka, kila upande una sentimita 60. Likunje duara uunganishe ncha. Mstari wa katikati bado ni 60, lakini ukingo wa nje sasa ni kama sentimita 75, na wa ndani umebaki kama 44. Upande wa nje umelazimishwa kurefuka kwa robo nzima, na wa ndani umebanwa ukakunjamana.

Hapo hapo donge bado halijaumuka mara ya pili wala halijaingia tanurini, na yote mawili yataunyoosha ukingo wa nje zaidi. Sasa mshono, ile sehemu uliyoifinya ili kufunga bomba, ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Ukiuacha uangalie nje, umeuweka palepale panapovutwa. Utafunguka tu.

Basi mshono ukae chini, ukiwa umeelekea kidogo upande wa ndani ya duara. Huko donge linabanwa, halivutwi, na uzito wa mkate wenyewe unauziba. Ukikumbuka hili moja tu, nusu ya matatizo yako yamekwisha.

Kusukuma na kujaza

1. Nyunyiza unga kiasi kidogo mezani. Sukuma donge baridi liwe mstatili wa sentimita 60 kwa 25, unene wa zaidi kidogo ya nusu sentimita. Likirudi nyuma usipigane nalo: lifunike dakika 5, uendelee. Pembe ziwe za mraba kadiri unavyoweza, kwa sababu pembe za mviringo hutoa ncha nyembamba, na ncha nyembamba haziunganiki vizuri.

2. Futa unga uliobaki juu ya donge kwa brashi au kitambaa kikavu. Unga mkavu ukibaki kati ya tabaka hauziachi zishikane, na mkate ukiiva utaona pengo jeusi katikati ya kila kipande.

3. Paka kijazo. Acha ukingo mtupu wa sentimita 2 upande mrefu ulio mbali nawe, na sentimita 3 kwenye ncha zote mbili fupi. Kama unatumia jibini, usiipake kote: ichore kama mstari mnene kwenye upande mrefu ulio karibu nawe, uache sentimita 3 za ukingo, ili ikae katikati ya bomba ikiwa imezungukwa na tabaka zote.

4. Lowesha ule ukingo wa mbali kwa kidole chenye maji. Maji, si yai. Yai huteleza kabla halijashika.

5. Viringisha kutoka upande wako kwenda mbali, kwa mkazo wa wastani. Watu huambiwa wakaze sana. Si kweli kwa mkate huu. Ukikaza mno, tabaka za ndani hazina pa kukua, kwa hiyo zinasukuma ya juu mpaka ipasuke. Ukilegeza mno, unapata mashimo. Bomba lishike umbo lake ukiliinua, lakini libonyee ukilibonyeza.

6. Finya mshono kwa vidole, urefu wote, kisha urudie mara ya pili. Sugua bomba mezani mara mbili tatu mshono ukiwa chini.

7. Sasa liache. Dakika 10, limefunikwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Donge nalo lina wakati wake wa kukunjwa, na wakati huo ni baada ya kupumzika. Gluteni iliyopumzika inavutika, iliyokasirika inachanika.

Kukunja

Kuna njia tatu ninazozitumia, na zinatofautiana kwa kile ulichojaza.

*Bomba zima.* Hii ndiyo ya jibini na matunda, kwa sababu kijazo hakioni hewa popote. Beba bomba ulilaze kwenye karatasi ya kuokea palepale utakapoliokea. Duara bichi halihamishiki. Geuza mshono uangalie chini na kidogo kwako, kisha lizungushe pole pole, mikono miwili ikisogea pamoja kutoka katikati kwenda kwenye ncha. Usivute ncha. Ukivuta ncha, bomba linakonda upande mmoja, na huo utaungua wakati mwingine haujaiva.

Kuunganisha ncha ndiko kunakohitaji utulivu. Fungua ncha moja kwa vidole kama mdomo wa mfuko. Ile sentimita 3 uliyoiacha bila kijazo ndiyo unayoifungua sasa. Nyingine ibane iwe nyembamba kidogo, iloweshe, iingize ndani ya mdomo huo, kisha funika kama unavyovaa soksi na ufinye kuzunguka. Kugusisha ncha mbili tu na kuzibonyeza hakutoshi: zitaachana tanurini na utapata kiatu cha farasi.

*Bomba lililopasuliwa.* Kwa mdalasini pekee. Liweke bomba kwenye friji dakika 20, kisha likate katikati kwa urefu wake kwa kisu chenye makali, kwa mkato mrefu wa kuvuta badala ya kubonyeza. Acha sentimita 2 za mwanzo zikiwa zimeshikana. Geuza pande zilizokatwa ziangalie juu, uzisokote moja juu ya nyingine, kila mara upande wenye tabaka ukibaki juu. Kunja duara, ncha uzifiche chini. Mkate huu hauwezi kupasuka kwa kuwa umeupasua mwenyewe, na anayeanza ndio ninaompa. Jibini hapa itatiririka yote, usijaribu.

*Msuko wa utatu.* Gawanya donge mara tatu kwa mizani. Kila kipande kisukume kiwe sentimita 70 kwa 9, mstari mwembamba wa kijazo katikati, ufunge kama mrija. Halafu suka. Aliyewahi kusuka nywele au ukili hahitaji kufundishwa, ila akumbuke mambo mawili: aanzie katikati kwenda kila upande, ili mkazo ulingane, na asuke kwa kulegeza, maana donge litanenepa karibu mara mbili. Msuko hula urefu, ndiyo sababu nimesema 70 badala ya 60.

Umbo la New Orleans mara nyingi ni la yai zaidi kuliko duara kamili. Ni uamuzi mzuri: umbo refu linatosha kwenye trei ya kawaida na kuacha nafasi kubwa zaidi katikati.

Tundu

Tundu la katikati liwe na upana usiopungua sentimita 12 kabla ya kuumuka mara ya pili. Ukiliona ni kubwa mno, limekaa sawasawa. Mkate unavimba pande zote, na kila unene unaoongezeka ubavuni unakula tundu kutoka kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Kwa usalama, weka katikati kikombe cha chuma au bakuli dogo linalostahimili moto, limepakwa siagi kwa nje. Litoe mkate ukishapoa dakika 10.

Kuumuka na kuoka

Funika, subiri dakika 40 hadi saa moja. Donge lililotoka friji huchukua zaidi. Bonyeza kwa kidole ubavuni: alama ikirudi yote, bado, ikirudi nusu, na polepole, washa moto, isiporudi kabisa, umechelewa, na duara litalala tanurini likiwa pana kama sahani. Kama ukikosea, afadhali ukosee kwa kuliwahisha. Lililowahishwa linaweza kuchanika kidogo juu, na glazi, ule utando wa sukari utakaomwagwa juu, itaficha.

Paka yai lililopigwa na kijiko kimoja cha maziwa. Oka kwa nyuzi joto 175 za Selsiasi, dakika 25 hadi 30 kwa mdalasini, 30 hadi 35 kwa jibini. Sukari na mayai huupa mkate rangi ya kahawia mapema, kwa hiyo rangi isikudanganye; baada ya dakika 18 funika kwa karatasi ya fedha. Mwenye kipimajoto akichome kwenye donge lenyewe, si kwenye kijazo: nyuzi 88 hadi 90, mkate umeiva. Asiyenacho achungulie mahali ncha zilipounganishwa, maana ndipo penye unene mkubwa na ndipo panapoiva mwisho.

Rangi tatu na mtoto

Rangi ni zambarau, kijani na dhahabu. Zilichaguliwa mwaka 1872 na Rex, moja ya vyama vya maandamano ya Mardi Gras, na mwaka 1892 chama hicho hicho kikazipa maana: zambarau haki, kijani imani, dhahabu nguvu.

Kwa kila rangi weka gramu 60 za sukari nyeupe kwenye mfuko pamoja na tone moja la rangi ya chakula, usugue kwa nje mpaka ienee. Zambarau ya kuchanganya mwenyewe kwa nyekundu na buluu hugeuka kijivu kirahisi, kwa hiyo anza na nyekundu, na buluu uiongeze kwa ncha ya kijiti.

Glazi: sukari ya unga gramu 200, maziwa vijiko 2 vya chakula, kijiko cha tatu ukiongeza tone kwa tone. Imwage mkate ukiwa umepoa kabisa. Ukiwa wa moto inayeyuka na kupotelea chini. Rangi zinyunyizwe hapo hapo, kwa mistari mipana ya kupokezana. Glazi huanza kuota ngozi baada ya dakika chache, na sukari haishiki tena kwenye ngozi. Ukifanya peke yako, mwagia theluthi, nyunyiza, ndipo uende theluthi nyingine.

Mtoto mdogo wa plastiki anayefichwa ndani asipikwe kamwe. Mkate ukishapoa, ugeuze kidogo, chana kwa kisu upande wa chini, msukume ndani, rudisha. Waambie walaji wote kabla hujakata, watoto hasa, kwamba kuna kitu ndani. Maduka mengi ya Louisiana siku hizi humweka nje ya mkate na kumwachia mnunuzi amfiche mwenyewe, kwa kuogopa mtu kukabwa. Asiyetaka plastiki atumie nusu ya pekani au lozi nzima. Atakayempata kwenye kipande chake ndiye anayeleta keki inayofuata.

Wa jibini usikae nje zaidi ya saa mbili. Wa mdalasini hukaa siku mbili kwenye chombo kilichofungwa. Siku ya pili pasha kipande sekunde 15 kwenye maikrowevu. Unaotaka kugandishwa ugandishe kabla ya glazi, ukate vipande kwanza, na mtoto abaki kabatini.